Familia ya Mwashi Brøndum

Mheshimiwa Askofu Tuttrup. Wazee wa baraza. Ndugu waanzilishi, mliovuka nyika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Dada wa Chama cha Kina Mama. Wageni wetu kutoka miji ya jirani. Ndugu zangu wote: nawasalimu, na amani iwe kwenu.

Nimepewa kazi ya kumshukuru Ndugu Severin Brøndum, ambaye leo, tunapofungua kanisa hili alilolijenga, anaweka chini nyundo yake ya uashi. Karani aliyeniletea ujumbe alisema, "Thora, wewe ndiye uliyesoma. Utazungumza kwa niaba ya familia." Nikamuuliza, "Familia ipi?" Akakuna kichwa. "Ah, dada, usinitie matatani. Familia." Tangu siku ile nimelitafuta jibu, na mpaka napanda hapa sijalipata.

Sifa zake mnazijua. Nani hapa hajasikia jinsi kijana huyu alivyoliacha shamba la baba yake kule Denmark kwa ajili ya imani, akavuka bahari, kisha akavuta mkokoteni kwa mikono yake mpaka hapa Utah, mkewe Maren akiusukuma kwa nyuma? Shangazi Maren, ndivyo sisi wa nyumba ya pili tulivyofundishwa kumwita, husimulia kwa namna yake: "Yeye alivuta akiimba. Mimi nilisukuma nikila vumbi. Nani angekuwa na pumzi ya kuitikia?" Mzee aliacha kila kitu cha zamani isipokuwa kahawa, ambayo kanisa letu linaikataza. Askofu, nisamehe, hilo nalo linajulikana.

Mama yangu, Sidsel, aliolewa naye baadaye, wakati kuoa mke wa pili kulihesabiwa hapa kuwa utii, tena utii mgumu. Kisha sheria ya serikali ikawa kali, na maofisa wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta waume wa namna hiyo wawatie gerezani. Sisi watoto wa nyumba za pili tulifundishwa jibu kabla ya kufundishwa kusoma: ukiulizwa baba yako ni nani, sema huna. Ndugu Brøndum akakimbilia milimani.

Nilikuwa na miaka minane mtu alipobisha mlangoni. Hakuwa na ndevu, nywele zake zilipakwa masizi, koti lake lilinuka kondoo. Akauliza, "Mtoto, baba yako yuko wapi?"

"Sina baba, bwana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tena nenda zako, mbwa wetu anauma."

Hatukuwa na mbwa. Yule mtu akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi, halafu nikaona kwamba hacheki tena. Mama akatoka na unga mikononi. "We mtoto! Umemfukuza mwenye nyumba!" Naye akasema, "Mwache, Sidsel. Amejibu vizuri kuliko watoto wote wa bonde hili."

Ndugu zangu, sifa ile sijui niiweke wapi. Ni baba gani anayefurahi kukanwa? Na mtoto anayesifiwa kwa kumkana baba yake amtii vipi kesho yake, kwa kumkubali au kwa kumkana tena? Nilipoanza kumzoea, likatoka tangazo la kanisa kwamba ndoa za namna ile zisifungwe tena. Mzee akahamia moja kwa moja kwa Shangazi Maren. Kwetu akawa anakuja mchana, mlango ukiachwa wazi, kutengeneza dohani ya jiko, na alibisha hodi kama mgeni. Mama aliyeambiwa "kubali" sasa akaambiwa "nyamaza", na mara zote mbili alitii. Nani alikosea? Nikimuuliza yeye, hujibu, "Muulize Mungu, mimi nina nguo za kufua." Sisemi haya kwa hasira. Ningekuwa na hasira, angalau ningejua nimesimama wapi.

Ninalojua ni hili: chokaa inayoshika mawe ya kuta hizi ilichomwa na mama yangu, kwa kuwa Ndugu Brøndum hakuamini tanuri la mtu mwingine yeyote.

Sasa nimeagizwa niiite familia yake isimame mbele, ishukuriwe pamoja naye. Asubuhi mama aliniambia, "Wewe waite wanaohusika. Mimi nitakaa kule mlangoni. Usinitazame tu, utalia." Mama, nimekutazama.

Familia ya baba yangu, Severin Brøndum, isimame.

Niacheni nivute pumzi. Neno hilo, "baba yangu", sijapata kulisema mbele za watu.

Naona ndugu zangu wa nyumba kubwa wamesimama. Naona Shangazi Maren naye amesimama. Shangazi, mbele ni huku! Hanisikii, anaelekea mlangoni. Amemshika mama mkono. Mama anakataa, sote tunamsikia: "Niache, Maren, watu wanatutazama." Na Shangazi, ambaye hajawahi kujua kunong'ona: "Na watutazame! Nimechoka kusimama peke yangu na huyu mzee."

Mheshimiwa Askofu, hili halikupangwa, na sijui kama linaruhusiwa. Baba pia hajui, namwona usoni. Lakini ameondoa kofia yake kwenye kiti kilicho kando yake.

Asanteni kwa kunivumilia. Naomba wimbo usianze bado. Mama zangu wanatembea polepole.