Watoto Wanakula Leo

Basi lilikuwa likienda polepole ndani ya ukungu wa asubuhi, na mshona nguo, kichwa kwenye kioo, alikuwa nusu macho nusu usingizini. Sauti mbili za kiti cha mbele zilimjia kama zinatoka ng'ambo ya mto.

"Mimi na pumu tumezaliwa pamoja, baba," alisema dobi mmoja, mwanamke mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni. "Hospitali wameniita kwenye utafiti wa dawa mpya. Dawa bure, vipimo bure."

"Sasa unangoja nini, mama?" aliuliza mzee wa kofia aliyeketi naye, ambaye ndiyo kwanza wakutane.

"Nauli natoa mimi kwanza, wao watanirudishia baadaye. Na nikishinda huko, kazini silipwi. Watoto hawali baadaye, baba, wanakula leo."

Mshona nguo akatabasamu, macho kayafumba. Hilo, alijiambia, halina kipimo maabara.

Mzee hakukubali. "Watu kama wewe msipokwenda, dawa itajaribiwa kwa wenye magari tu. Itakijuaje kifua kinachovuta mvuke wa sabuni kutwa?"

"Basi waje wanipimie kwenye karai!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko cha dobi kikaishia kwenye kikohozi kirefu, kirefu hata mshona nguo akafumbua macho. Basi likasimama. Dobi akainuka, mkono kifuani.

"Hospitali ni kituo kinachofuata, mama," mzee alimwambia taratibu.

"Naijua, baba. Hapa ni kazini."