Bartholomayo Kahigi, Mwenyekiti Aliyetangaza Mapumziko (1953–2025)

Mzee wetu Bartholomayo Kahigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, Izimbya, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yake. Mtoto wa mwisho alikuwa dada yake, Kokushubila, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu, kwa kuwa familia iliona ana mwandiko unaosomeka.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, 1961 hadi 1967. Akiwa darasa la sita, mwalimu alitoka nje kidogo akamwachia darasa. Mwalimu akapata wageni, akasahau. Aliporudi jioni, wanafunzi wote walikuwa bado wameweka mikono kichwani, wengine wanalia, na Bartholomayo amesimama mbele na fimbo. Mwalimu alimsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wetu hakukoma hadi wiki iliyopita.

Kuanzia 1974 hadi 1998 alikuwa karani wa vikao katika ofisi moja kule Muleba. Miaka ishirini na minne aliandika maneno ya wenyeviti bila kuruhusiwa kusema lake, na aliporudi nyumbani alirudi na kanuni zote kichwani. Mwaka 1999 akawa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa na wa kikao cha ukoo. Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: kikao kikipumzika, kiti hakipumziki, yaani anachoamua mwenyekiti wakati wa mapumziko ni halali. Alitoa mapumziko yeye, akarudisha watu yeye, na asiyengoja alijuta. Wanakikundi walipotaka kuchagua mwenyekiti mwingine, aliwapa mapumziko ya nusu saa uwanjani. Mvua ikanyesha. Waliokimbilia majumbani waliandikwa watoro wakapoteza kura, na waliobaki, wakiwa wamelowa chapachapa, walimchagua tena.

Alifunga ndoa ya kanisani mwaka 1979 na Joanitha wa Kagondo. Walijaliwa watoto watano. Joanitha ni mama mvumilivu, na hilo halihitaji maelezo.

Mwaka 2011 dada yake alirudi kutoka Muleba, ndoa imemshinda, akiwa na sanduku moja na cherehani. Aliomba kipande katika kibanja cha baba yao, ile pembe ya chini yenye mibuni, ajenge vyumba viwili. Ukoo ulikaa tarehe 9 Julai 2011. Katika wazee saba, wanne walikwisha kusema apewe. Hapo Mwenyekiti akatazama saa yake.

"Kikao kimepumzika kwa dakika kumi na tano," alisema.

Hakuwaita tena. Wazee walipotaka kukaa upya, aliwajibu kwamba jambo lililo katika kikao ambacho hakijafungwa haliwezi kufunguliwa katika kikao kingine. Watu walimwambia Kokushubila subira huvuta heri. Alilala katika jiko la kaka yake miaka kumi na minne, na kila Pasaka alikwenda kumpigia magoti na kumsihi.

"Waitu kaka, kikao kinarudi lini?"

"Tuko mapumzikoni, Koku. Usivunje kanuni."

Kokushubila alimchukia. Waombolezaji watasamehe, lakini mtu amelala na moshi miaka kumi na minne.

Presha ilimwanza 2019, na mwaka 2022 mkono wa kushoto ulipooza. Alitibiwa Bukoba mjini akapata nafuu kiasi. Mwaka huu baba mdogo, Mzee Kagaruki, alikuja akamwambia, "Bartholomayo, usife na kikao cha watu mfukoni." Akakubali.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, kikao kilirudi sebuleni kwake. Wazee watatu walikwisha kuzikwa. Wanne waliobaki wote walisema apewe. Mwenyekiti akatazama saa. Dakika kumi na tano, wote nje, mlango ufungwe.

Tulipokuwa uani tulisikia kishindo. Joanitha akainuka.

"Kuna kitu kimeanguka."

Kokushubila akamshika kitenge. "Wifi, usiingie! Ukiingia atasema tumevunja kikao."

"Na kama ni yeye?"

Mzee Kagaruki akasema, "Mwenyekiti hajatuita."

Basi tukangoja. Joanitha alijaribu mara mbili, na mara zote mbili Kokushubila alimvuta akamkalisha. Zilipita dakika arobaini. Hatimaye tulipoufungua mlango wenyewe, marehemu alikuwa sakafuni, bado ana joto. Hospitalini daktari aliuliza alianguka saa ngapi. Joanitha hajasema na wifi yake tangu siku hiyo, na ana haki.

Mezani palikuwa na karatasi, kwa mwandiko wake ulionyooka: "Uamuzi wa Mwenyekiti, umetolewa wakati wa mapumziko. Nizikwe pembe ya chini, katikati ya mibuni. Ardhi yenye kaburi langu isigawiwe." Sahihi. Saa tano na dakika nane.

Wazee walikaa juzi kujadili kama amri hiyo ina nguvu, nasi sote tulijua jibu kabla hawajakaa. Mzee Kagaruki alilia alipolitoa. Alisema hiyo ndiyo kanuni waliyoikubali wenyewe kwa miaka ishirini na sita, wakaila pamoja na ndizi zake, na hawawezi kuikataa leo eti kwa kuwa mwenyewe hasikii. Mibuni minne ilikatwa jana ili kupata nafasi ya kaburi. Kokushubila ndiye aliyewaonyesha wachimbaji mipaka, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuipima.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na dada mmoja ambaye ataendelea kulala jikoni, mjane akimruhusu.

Bwana amtafutie mahali pema peponi, maana pema pa hapa duniani amekwisha kupachukua.