Kibanda cha Nyuma kwa Onni

Benchi lipo mbele ya duka la mikate, limeegemea ukuta upande wa jua la asubuhi, na tangu migodi ya shaba ifungwe halijapata kukosa mtu. Mwezi wa nne huku kaskazini ya Michigan unachosha. Theluji haijaisha na tope limeshaanza, watu wamechoka na baridi, wamechoka na makoti yao, wamechokana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye duka huwatolea birika moja la kahawa na mkate wa iliki uliolala. Likiisha limeisha, haongezi. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Gavana, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura za nyumbani kwake tu, tena si zote. Dakika Tano, ambaye kila akifika husema anakaa dakika tano, halafu anaondoka na giza. Na Reino Kangas, ambaye kijiweni ni Gogo, kwa sababu maisha yake ni kupasua kuni, na akishakaa amekaa.

Gogo hakuwa na hamu ya maneno. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibao cha kuuza nyumba kilichochomekwa mbele kwa marehemu Onni, jirani yake. Kibao chenyewe kilikuwa kimeinama kwa theluji, na Gogo hakuwa na nia ya kukiinua.

Nyumba haikuwa inamuuma. Kilichomuuma kilikuwa nyuma ya nyumba, kibanda cha mbao chenye bomba la moshi, sauna, yaani bafu la mvuke wa mawe ya moto, walichojijengea yeye na Onni wakiwa vijana wenye nguvu na akili chache. Kila Jumamosi Onni alichota maji kwenye pampu yake, Gogo akaleta kuni zake, wakakaa humo ndani kwenye mvuke, uchi, bila kusema la maana, wakatoka wekundu na roho zao zimetulia. Hakuna aliyekumbuka kuuliza mpaka unapita wapi. Onni alipofariki watoto wake wakamleta mpima ardhi, akachomeka vigingi vyake, na kibanda kizima kikaangukia upande wa Onni. Hata mlango. Hata lile jiwe la kufutia miguu ambalo Gogo alilibeba mwenyewe kutoka ziwani.

Toka siku hiyo hajakanyaga mle. Anaoga nyumbani kwake kwenye beseni, na anasema mwenyewe kwamba anajisikia kama sahani inayooshwa. Anamkosa Onni. Halisemi hilo, ila ukimkuta Jumamosi jioni amesimama dirishani na taulo begani, utajua.

Basi kila mnunuzi aliyekuja, kijiwe kilimshughulikia. Gavana na Dakika Tano walipika uongo wa kumtisha, Gogo akatia chumvi. Mke na mume fulani waliotoka Chicago waliondoka hata bila kufunga mlango wa gari vizuri.

Sasa alikuwa ametoka kwenye nyumba ya Onni mwanamke mmoja, amevaa viatu vya mpira na sare ya unesi chini ya koti. Aliagana na dalali, akavuka barabara, akanunua mkate, akaja kusimama mbele yao. Akajitambulisha: anaitwa Corinne Haskell, yuko hospitali ya mjini, zamu ya usiku, amechoka kupanga kwenye vyumba ambavyo mabomba yanapiga kelele mpaka asubuhi.

— Wazee wangu, mimi sijawahi kununua nyumba. Ninyi ni wenyeji. Niulize nini kabla sijatia saini?

Wakasogea. Akakaa pembeni kabisa, karibu na Gogo, akamega mkate.

Gavana akakohoa kama mtu aliyepewa kipaza sauti. Akaanza na paa. Aliuliza kama dada anajua theluji inavyokuwa nzito, kwamba majira ya baridi ya juzi paa la ghala la binamu yake lilishuka wakati wa chakula cha jioni na likamkuta binamu bado ana uma mkononi. Corinne akasema sawa, paa. Gavana akateremka kwenye msingi, akasema nyumba za hapa hubanwa na barafu ardhini na kusogea kila mwaka, na iko moja kule kilimani iliyosogea mpaka ikavuka kwenye kata nyingine, na mwenyewe sasa anapiga kura mahali ambapo hana rafiki hata mmoja.

— Muongo wewe, alisema Dakika Tano kwa uchovu. Hiyo ilivutwa na trekta. Dada, usimsikilize. Uliza chini.

— Chini wapi?

— Chini. Mji mzima huu tumeukalia juu ya mashimo. Babu zetu walichimba shaba wakatoka, hawakufukia. Mimi nina dada yangu, alidondosha kiazi kwenye ufa wa sakafu ya stoo yake. Mpaka leo hatujasikia kikifika.

Gavana akasema kiazi kilifika, ila kilifikia kwa watu wengine, na ndiyo maana ukivuta maji ya choo mtaa huu yanatokea kwenye bustani ya kasisi mtaa wa pili. Dakika Tano akakubali kwamba hilo ni kweli, ameziona nyanya za kasisi. Halafu akasema la maana kuliko yote ni kuuliza nani kafia ndani, kwa sababu wako wanaokufa halafu hawatoki.

— Mimi ni nesi, alisema Corinne. Watu wanafia kila mahali. Wengi wanashukuru kutoka.

Gavana akamtupia Gogo jicho. Zamu yake ilikuwa imefika, na Gogo akaitumia kama alivyoitumia kwa wale wa Chicago, taratibu, bila kumwangalia mtu.

— Dubu, alisema. Chini ya baraza. Kila mwaka analala hapo.

Corinne hakushtuka. Alitafuna, akameza, akaonekana kufikiria dubu kama mtu anayefikiria mgonjwa mwingine tu wa kuongezwa wodini. Gogo akajisikia vibaya kidogo. Mwanamke alikuwa na macho mekundu ya kukesha, na alikula ule mkate uliolala kwa heshima.

— Dubu nitamzoea, alisema. Lakini kuna kitu nataka kujua. Kile kibanda cha nyuma. Dalali kaniambia ni stoo, ila stoo gani ina benchi la ngazi mbili? Ndani kunanuka moshi wa mti mzuri. Kuna misumari miwili ya kutundikia nguo, na mmoja bado una taulo. Kile ni cha nani?

Dakika Tano akashika birika, akamimina, likatoka tone moja na majimaji ya machicha. Kwa vigingi vya mpima kibanda kilikuwa cha atakayenunua. Kwa mikono, kilikuwa cha mtu aliyekaa hapo hapo naye bega kwa bega. Kwa taulo, kilikuwa cha marehemu.

Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeinuka.

Gogo aliangalia kibao kilichoinama ng'ambo. Angeweza kusema ni stoo. Angeweza kusema kina nyoka. Mwanamke angekwenda zake, angekuja mwingine, na mwingine, na kibanda kingekaa baridi mpaka mbao zioze, na yeye dirishani na taulo lake. Amechoka bwana. Amechoka kukilinda kitu asichokitumia.

— Sijui ni cha nani, alisema mwishowe. Kuni ni zangu. Maji ni ya nyumba ile. Pampu iko mlangoni, ngumu, inataka kubembelezwa.

Corinne akamgeukia, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

— Na huwashwa lini?

— Jumamosi.

— Jumamosi mimi natoka kulala saa kumi jioni.

— Saa hiyo mawe yanakuwa yameshika moto. Wanawake huingia kwanza, ndiyo desturi. Mimi nitaingia wakishatoka.

Corinne alikunja karatasi ya mkate, akaiweka mfukoni. Akauliza kuhusu paa, safari hii akimuuliza yeye peke yake. Gogo akamwambia paa ni zima, walilipiga yeye na Onni, na msingi haujasogea hata unywele tangu azaliwe. Gavana akaguna, akaachwa aendelee kuguna.

Mwanamke akasimama, akawashukuru, akapiga hatua mbili kwenye tope, kisha akageuka.

— Na yule dubu?

Gogo alifikiri kidogo.

— Alihama, alisema.