Krenki ya Lori Mlimani Chake

Kijiwe cha Kificho kipo pale mlima wa kuingilia Chake unapoishia, na aliyepachagua pale hakuwa mjinga. Mwaka ule wa hamsini na tisa, mwaka wa siasa ambao hata visima vilikuwa na vyama vyao, gari la Mkoani lilikuwa halipandi mlima na watu ndani. Likifika chini, dereva Jaribu hupaza sauti: "Shukeni, waungwana, mlima!" Abiria wakashuka, wazee kwa watoto, wakaupanda kwa miguu na vikapu vyao, na gari tupu likawafuata nyuma likikohoa. Wakifika juu wako hoi, Kificho anawauzia kahawa chungu, na waliokaa kwenye benchi wanapata cha kutazama. Ilikuwa ndiyo desturi, na desturi ikishapata benchi la kukalia haiondoki upesi.

Alasiri ile walikuwapo wanne. Kificho mwenyewe, dele la kahawa mkononi. Bakar, aitwaye Redio kwa sababu hutoa habari kabla hazijatokea. Himid Karani, aliyeshika kalamu ofisini wiki tatu tu, jina akalishika maisha. Wa nne ni Hija fundi, na huyo kahawa ilikuwa ikimpoa mkononi.

Hija alikuwa na sababu. Siku tisa amelala chini ya gari la Jaribu. Ametoa krenki yake, kile chuma kilichopindapinda chini ya injini kinachopandisha na kushusha pistoni, akatia krenki ya lori lililofia Wambaa. Kiwanda ni kimoja, ila ile ya lori mapindo yake ni marefu zaidi. Leo gari lilikuwa lipande mlima na watu wake wote ndani. Na kiti cha mbele, alichotaka kukaa yeye asikilize injini yake, alikuwa amemwachia mama yake.

Mama huyo, Bi Mwanakhamis wa Chokocho, alikuwa na magoti mabovu, na mwaka wa pili huo hajatia mguu Chake. Sasa binti yake Moza amejifungua mjini, mtoto wa kwanza, na bibi kapeleka salamu: "Mjukuu wangu nitamwona nikipandishwa nimekaa. Nikishushwa chini ya mlima nageuza kurudi Chokocho, na msiniite tena." Mama huyo akisema, kasema. Hija hakuwaambia wenzake. Angewaambia, wangeweka na matanga kabisa.

— Mie nawaambia, alianza Redio, gari lile leo halisimami hapa.

— Kwa nini lisisimame? aliuliza Kificho.

— Krenki ya lori, yakhe! Lori lile lilikuwa likienda Wete kila siku na magunia ya karafuu. Likishapanda tu, litaikumbuka njia yake. Watu watashukia Wete wakitaka wasitake. Wazee walisema: usisafirie nyota ya mwenzio.

— Upuuzi, alisema Karani. Weye hesabu huijui. Silinda zilikuwa nne, ziko nne. Upana ule ule. Sasa nguvu itoke wapi? Pishi ni pishi.

Hija alijizuia, akashindwa.

— Karani, mtu akitwanga mpunga, mchi akaunyanyua shibiri moja. Akaja mwengine akaunyanyua shibiri na nusu. Kinu ni kile kile. Yupi anatwanga?

— Huyo wa pili.

— Basi. Krenki hii inaishusha pistoni chini zaidi. Ikishuka zaidi, silinda inavuta hewa na petroli zaidi. Ndiyo nguvu yenyewe.

— Aaa! alisema Kificho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo umenena, alisema Hija.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo umeharibu.

Karani alikuwa kakunja uso, anapiga hesabu kwa vidole.

— Hebu ngojeni. Umesema itavuta hewa zaidi. Hewa ya wapi? Ya bondeni! Na bonde lile dogo. Gari likifika katikati, hewa yote imo ndani ya injini. Kuku wa Bi Bimkubwa pale chini watazimia wote. Shikeni maneno yangu.

— Kuku si kitu, alisema Kificho, akainama na kuishusha sauti. Mmesahau unga.

— Unga gani?

— Unga wa ngano! Nimeuona kwa macho yangu haya. Hija kautoa kwa mkewe Time, umekandwa vizuri. Kautia ndani ya injini, madonge manne. Kafunika. Kazungusha polepole kwa mkono. Kafunua. Kautazama, kasema "Astaghfirullah." Sasa hiyo nini, jamaa, kama si kafara? Injini ile imelishwa!

Redio alisogea mbali kidogo na Hija. Karani naye akasogea, na kwa kuwa benchi lilikuwa limekwisha, nusura adondoke.

— Nyie watu nyie! alisema Hija. Pistoni ikiwa na mwendo mrefu, ikipanda inaweza kugonga kifuniko cha injini. Ndani hakuonekani. Basi unaweka donge la unga juu ya kila pistoni, unafunika, unazungusha, unafunua, unaupima unga uliobanwa. Mara ya kwanza ulitoboka. Ningeliwasha vile vile, ingepasuka. Nikaongeza bati la shaba chini ya kifuniko. Mara ya pili ukatoka unene wa sarafu ya senti kumi. Nikafunga.

— Na unga wenyewe uliutupa? aliuliza Redio.

— Time kawapa kuku.

— Kuku wa nani?

— Wa Bi Bimkubwa.

— Ndio hao hao! alipiga kelele Karani. Wamelishwa kafara, halafu wanyimwe hewa. Wallahi wamekwisha!

Wakacheka wote, hata Hija. Lakini Redio kicheko kikimpata hakijui pa kusimama.

— Mie kinachonisikitisha ni mlima wenyewe. Ukikosa watu, sie tutatazama nini? Mnamkumbuka yule bibi wa kusini, mwaka juzi? Alikaa chini mara sita! Mie nahesabu kwa sauti, Karani anaandika mchangani. Tulicheka siku ile mpaka kahawa ikatutoka puani.

— Mara sita, alisema Karani. Rekodi haijavunjwa.

Hija aliweka kikombe chini. Masikio yalimwaka moto. Mara sita alizijua: mama yake alimhesabia mwenyewe, usiku ule, huku Time akimkanda magoti kwa mafuta. Alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, chini ya mlima ukasikika mngurumo.

Wote wakatega sikio. Hapo ndipo Jaribu anapopaza sauti yake. Wakangoja. Hakupaza.

Gari likaingia mlimani. Hija alisimama bila kujijua. Alisikia gia ikishuka moja. Sauti ilikuwa nzito, ya kifua, haina kikohozi. Likafika kwenye kona, pale ambapo magari hufa, na sauti ikaanza kuzama. Ikazama. Ikazama zaidi. Hija akashika kofia yake kwa mikono miwili akasema, "Ya Rabbi, mama yangu yumo humo."

Gia ikashuka tena. Injini ikavuta pumzi ndefu, kisha ikaanza kutwanga, dum, dum, dum, kama watu wanne wa kinu kimoja.

— Linakuja! alisema Kificho.

Kwanza, kwa mbali, wakayatambua matenga juu ya paa. Halafu kioo. Halafu nyuso, nyuso tele, zimejaa madirishani, na wanawake wanapiga vigelegele, na kijana mmoja anagonga ubao wa gari kama ngoma ya harusi. Kule chini kuku wa Bi Bimkubwa walikuwa wakikimbia pembeni mwa barabara, wazima, wanene. Jambo kama lile lilikuwa halijapata kutokea tangu barabara ile ichongwe.

— Si nilisema litapanda! alipiga kelele Redio.

— Hesabu yangu ndiyo hiyo hiyo, alisema Karani.

Jaribu alisimamisha gari mbele ya benchi. Bi Mwanakhamis akateremka taratibu, buibui lake halina vumbi, hahemi.

— Hija, mwanangu. Nimekaa tangu kule mpaka hapa. Sikunyanyuka hata mara moja.

Hija akambusu mkono, na machozi yakamtoka mbele za watu wote, wala hakuyaficha. Hajapata kufurahi vile, hata siku ya harusi yake.

— Shikamoo, bibi! walisema watatu wa benchi kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu.

Kificho akammiminia kikombe, cha bure. Bibi akakipokea, akanywa funda moja, akageuka kutazama alikotoka. Kutoka pale benchini mlima wote unaonekana, kila kona, kila jiwe la kupumzikia. Akautazama sana. Kisha akawatazama wao.

— Nauliza tu, wanangu. Mwaka juzi nilipopanda hapa kwa miguu, nikakaa chini mara sita, nyie mlikuwa wapi?

Redio, mtu wa habari, akaanza kuufuta mchanga kwa mguu. Kificho akaliinamisha dele kuongeza kahawa, halikutoa hata tone. Karani akainuka haraka apokee kikapu cha bibi ambebee, lakini kikapu kilikuwa kimekaa zake garini, juu ya kiti cha mbele. Hakukuwa na cha kubeba.

— Haya Jaribu, washa, alisema Bi Mwanakhamis, akarudisha kikombe. Mjukuu wangu ananingoja.

Akapanda. Hija akadandia ngazi ya nyuma, akicheka na kufuta uso, na abiria wakaanza upya vigelegele mpaka gari likapotea mjini. Pale kijiweni watatu wale walibaki wamesimama, na benchi liko wazi nyuma yao.