Fulana ya Bima

Tulikuwa ndani ya gari la abiria aina ya Noah, tunatoka Kiranjeranje kwenda Lindi. Redio ikatangaza kwamba Rais anataka kila Mtanzania awe na bima ya afya. Mzee mmoja, ambaye dereva alimwita Abdurahmani, akasonya.

"Huo ni uchuro. Unalipia ugonjwa kabla haujaja, si unauita? Hayo mambo ya Wazungu. Sisi weusi mtu akishaugua ndipo tunamchangia."

"Kwani malaria inaangalia rangi, mzee wangu?" akauliza mama mmoja wa Kipatimu aliyekaa pembeni yake. "Na sanda je, umeshanunua?"

"Ipo sandukuni, na udi wake."

"Hiyo si uchuro?"

"Kufa ni lazima, mwanangu. Kuugua si lazima."

Mimi kiti cha nyuma nilicheka kimoyomoyo, kwa ile huruma ya wasomi. Nilikuwa natoka kuhutubia semina ya bima, na fulana niliyopewa huko iliandikwa kifuani: BIMA KWA WOTE. Yule mama akageuka, akaisoma.

"Kumbe mwenye bima tunaye. Baba, hebu mtolee mzee kadi yako aione."

Nikapapasa mifuko kwa bidii, kama mtu aliyewahi kuwa nayo. Kila nikitaka kujiandikisha, nahisi kijibaridi cha homa, naahirisha.

"Dereva, nishushe hapo Mchinga."

Gari likasimama, nikawaacha wakibishana. Nikaivua fulana, nikaivaa nje ndani, nikasubiri gari jingine la kwenda Lindi.