Kiyoyozi Kisichompenda Mama Mkwe

Nyuma yangu kwenye basi, mwanamume mmoja alikuwa akimlalamikia fundi umeme, mama wa makamo aliyepakata sanduku la vifaa. "Kiyoyozi cha gari langu kuukuu kinapuliza vizuri, ila mama mkwe akikaa mbele tu, kinazimika. Anadhani namfanyia makusudi!"

"Akishuka kinarudi?"

"Papo hapo!"

"Basi kuna waya umelegea chini ya zulia, mwanangu. Anaukanyaga. Ukaze tu."

Jamaa akanywea kama aliyeambiwa auze figo. "Nikiukaza, mama, si atahamia humo garini?"

Mimi nilijifanya natazama nje. Basi likasimama. Fundi akafika mlangoni, akageuka macho yamemtoka. "Kumbe! Kila nikipanda gari la mume wa binti yangu, huniambia gesi ya kiyoyozi imeisha!"