Historia ya Marehemu Crispin Ntirampeba, Mtoa Dawa wa Mabamba

Baba Mchungaji, wazee wetu mliotoka Rungwe Mpya, majirani wa Kibondo na nyote mliofika, mimi ni Josepha, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na naomba mnivumilie, kwa sababu ina sehemu moja ambayo kikao cha jana mchana kilivutana juu yake mpaka chai ikapoa.

Marehemu Crispin Ntirampeba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 katika eneo ambalo leo ni kata ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Kipriani Ntirampeba na Mama Akimana, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi palepale kijijini kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari mjini Kasulu kuanzia 1985 hadi 1988, ambako alifaulu kemia na kufeli Kiingereza, jambo alilolisimulia siku zote kana kwamba kosa lilikuwa la Kiingereza. Mwaka 1991 alianza mafunzo ya usaidizi wa famasia, akahitimu 1993, na tarehe 1 Julai 1994 akaajiriwa serikalini, akapangiwa zahanati ndogo upande wa Mabamba, ambayo sasa imefungwa, akakaa dirisha la dawa.

Tarehe 20 Desemba 1997, hapa Kibondo, alifunga ndoa na Mwalimu Loyce, mama yetu, aliyekuwa amehamishiwa huku kutoka Singida, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1999, Reverien mwaka 2002 na Vestina mwaka 2006.

Sasa nafika kwenye sehemu yenyewe. Baba aliacha karatasi yenye mwandiko wake, akitaka kosa alilolifanya tarehe 11 Mei 2004 lisomwe siku ya maziko yake, wazee wakasema maziko si mahali pa kumvua marehemu nguo, wengine wakasema aliyeandika ni mwenyewe, na mwisho tukakubaliana aulizwe mama Esteri Niyongabo wa Mabamba, maana kosa lilimpata yeye. Ameruhusu, kwa hiyo nasoma.

Siku hiyo Esteri, mkimbizi kutoka Burundi, wakati ule akiwa na miaka ishirini na mitatu, alifika zahanati na homa kali, kipimo kikaonyesha malaria, na dawa ya malaria ya miaka ile ilikuwa SP, vidonge vitatu vya kumeza kwa mara moja, na ndani yake mna salfa. Baba alimuuliza kama Septrin iliwahi kumdhuru, maana nayo ni dawa ya salfa, Esteri akajibu kwamba hajawahi kuimeza, ila akiwa kwao Bactrim ilimtoa vidonda mdomoni. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo huita Bactrim dawa ileile ambayo sisi huku tunaiita Septrin, lakini baba hakulijua jina hilo, na badala ya kuuliza ni dawa gani aliitazama foleni, akaandika kwamba mgonjwa hana mzio, akampa SP. Baada ya siku nane ngozi ilianza kumbambuka Esteri kama aliyeungua, midomo ikavimba, macho yakajaa usaha, na kwa kuwa dawa hiyo hukaa kwenye damu kwa wiki nyingi, alilazwa wiki tano, akapona, lakini jicho la kushoto lilipofuka kabisa na la kulia linaona vivuli tu.

Baba aliandika taarifa yeye mwenyewe kwa mkubwa wake, akapewa onyo, akarudi kazini akiwa mtu mwingine. Alinunua vitabu vya kemia vya mitumba, akatufundisha mezani, tutake tusitake, kwamba katika dawa hizi atomi moja ya salfa imeshikwa na oksijeni mbili na naitrojeni moja, na kwamba umbo lake linafanana mno na kitu ambacho bakteria na mdudu wa malaria hukitumia kujipikia vitamini ya foliki, basi mdudu anaibugia dawa akidhani ni chakula, foliki haiivi, naye hawezi kuzaana, wakati sisi binadamu foliki tunaipata kwenye mboga na maharage. Alisisitiza kwamba dawa yenyewe si mbaya, ndiyo maana SP bado hupewa wajawazito kliniki, na kwamba mwenye mzio wake hana haja ya kuogopa mayai wala vitunguu, ingawa navyo vina salfa. Hapo dirishani aliweka sanduku la maganda matupu ya vidonge kutoka Burundi, Kongo na Tanzania, na kila mgonjwa alipaswa kuonyesha kwa kidole ganda la dawa iliyowahi kumdhuru, vijana wakamwita Mzee Maganda, lakini watu kumi na wanne wenye mzio waligundulika hivyo kabla hawajameza kitu.

Kila msimu, kwa karibu miaka kumi na minane mpaka alipougua, hata baada ya kuhamishiwa Kibondo mjini mwaka 2009, alikwenda Mabamba kumlimia Esteri shamba la maharage, sisi watoto tukipanda nyuma yake, na kila mara Esteri alipika na kutukaribisha, sisi tukala, baba akabaki nje na jembe lake, hakuwahi kukubali hata maji ya kunywa. Nilikuwa nikimwonea aibu.

Machi 2022 aligundulika kwamba moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, miguu ikajaa maji, akaanzishiwa furosemide, ambayo wengi mnaiita Lasix, na alipofungua kitabu akakuta nayo ina salfa iliyoshikwa vilevile, ila kazi yake ni kutoa maji mwilini kwa njia ya figo. Dawa ya ukoo uleule ikamwongezea karibu miaka mitatu, na siku alipotueleza hilo alilia mbele yetu. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na umri wa miaka 55, miezi mitano na siku ishirini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, watumishi wenzake waliobeba zamu zake bila kunung'unika, walimu wanaofundisha na mama, majirani waliopika tangu Jumatatu, hasa bibi Adija, ambaye hajalala vizuri kwa ajili yetu. Tunamshukuru mama Esteri, ambaye amefika asubuhi hii na amekaa pale karibu na mama. Jana jioni tulipomuuliza kama tusome au tuache, alijibu hivi, nami nayasoma maneno yake kama alivyoyasema, na "ego" kwa Kirundi ni ndiyo: "Ego, someni. Miye nilimusamehe kitambo, mwaka uleule. Ni yeye alikataa."

Baba, kubali sasa, upumzike.